Je, Wajua? Jeni ya "matiti" iliyo ndani ya mwanamume

Jeni ya BRCA2, iliyotambuliwa mwaka 1995, ilipewa jina la saratani ya matiti, na jina hilo limewapoteza wanaume wengi: hudhani haiwahusu. Kumbe kazi yake ni kuunga DNA inapokatika, katika seli za wote. Tuna nakala mbili, ya baba na ya mama. Aliyerithi moja mbovu hutegemea iliyobaki. Nayo ikiharibika ndani ya seli ya tezi dume, makosa hurundikana, na saratani ikizuka huwa kali, mara nyingi mapema. Ndiyo maana daktari makini humuuliza mgonjwa wa tezi dume swali linaloonekana halihusiani: "Mzee, mama au shangazi zako, hakuna aliyeugua titi?"