Mauaji ya Myall Creek

Mauaji ya Myall Creek yalitokea tarehe 10 Juni 1838 kaskazini mwa New South Wales, wakati huo koloni la Uingereza na leo jimbo la Australia. Wanaume 12 waliwaua watu wasiopungua 28 wa kabila la Wawirrayaraay, mojawapo ya makundi ya Wagamilaraay ambao ni wenyeji asilia wa eneo hilo. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee. Mauaji ya namna hiyo hayakuwa nadra katika koloni. Jambo lililokuwa nadra ni kwamba safari hii wauaji walifikishwa mahakamani, na saba kati yao walinyongwa.

Mazingira

Miaka ya 1830 wafugaji Wazungu walisogeza ng'ombe na kondoo wao ndani zaidi ya nchi ya Wagamilaraay. Visima na malisho vilichukuliwa, ng'ombe wakachomwa mikuki, na walowezi wakalipiza kisasi bila kuchagua nani ana kosa. Januari 1838 polisi wa farasi waliua Waaborijini wengi huko Waterloo Creek, wala hakuna aliyeshtakiwa.

Wawirrayaraay wa Myall Creek hawakuwa na ugomvi na mtu. Walikuwa wamepiga kambi kwa majuma machache katika ranchi ya Henry Dangar, tena kwa kukaribishwa na mmoja wa wachungaji wa ng'ombe, Charles Kilmeister. Jioni walicheza ngoma karibu na vibanda vya wafanyakazi.

Siku ya mauaji

Kundi la wapanda farasi lilifika likiwa na bunduki na panga, likiongozwa na John Fleming, mlowezi huru. Wengine 11 walikuwa wafungwa au waliowahi kuwa wafungwa, waliohamishwa kutoka Uingereza. Kilmeister alijiunga nao. Vijana kadhaa wa kabila walikuwa wamekwenda ranchi ya jirani kufanya kazi. Waliobaki walifungwa kamba moja, wakapelekwa kando na kuuawa, wengi wao kwa panga. Baadaye miili ilichomwa moto.

George Anderson, mfungwa aliyekuwa akitunza kibanda, alikataa kushiriki. Msimamizi wa ranchi, William Hobbs, aliporudi kutoka safari alikwenda mwenyewe kutazama mabaki, kisha akatoa taarifa. Hobbs alipoteza kazi yake kwa Dangar.

Kesi

Gavana George Gipps alimtuma hakimu Edward Denny Day, ambaye aliwakamata watu 11. Fleming alitoroka. Kesi iliendeshwa na Mwanasheria Mkuu, John Hubert Plunkett. Wamiliki wa ardhi walichanga fedha za kuwatetea washtakiwa, na gazeti la Sydney Herald lilipinga kwa maneno makali kwamba Wazungu washtakiwe kwa kuua Waaborijini.

Katika kesi ya kwanza, Novemba 1838, shtaka lilihusu hasa mzee mmoja aliyeitwa Daddy. Mwili ulikuwa umeungua kiasi cha kutotambulika kwa hakika, na jopo la raia lililoamua kesi liliwaachia wote baada ya takriban robo saa. Plunkett hakukubali yaishe hapo. Aliwashtaki upya saba kati yao, safari hii kwa kifo cha mtoto, na ushahidi wa Anderson ukawa nguzo ya kesi. Saba hao, Kilmeister akiwamo, walipatikana na hatia wakanyongwa tarehe 18 Desemba 1838. Walipokuwa gerezani walikiri, lakini walisema hawakujua kwamba kumwua mtu mweusi ni kosa, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa la kawaida.

Wanne waliobaki waliachiliwa. Kijana Mwaborijini aliyejulikana kama Davey alikuwa ameyaona mauaji kwa macho yake, lakini mahakama haikupokea ushahidi wa mtu asiyeweza kuapa kwa imani ya Kikristo. Kwa hiyo kesi nzima ilitegemea Wazungu waliokubali kusema. Kikwazo hicho kiliondolewa New South Wales mwaka 1876 tu. Fleming hakuwahi kushtakiwa; aliishi hadi 1894, akiheshimika katika kanisa la kwao.

Hukumu haikukomesha mauaji. Walowezi wengi walijifunza kutosema, na mengine yaliyofuata yalifanywa kwa siri zaidi.

Kumbukumbu

Mnara wa kumbukumbu ulifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 kwenye kilima karibu na mahali pa mauaji. Wazao wa waliouawa na wazao wa wauaji waliushughulikia pamoja, na hukutana hapo kila mwaka mwezi wa Juni. Mwaka 2005 watu wasiojulikana waliharibu maandishi ya mnara huo, yalitengenezwa upya. Mwaka 2008 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya urithi wa taifa la Australia. Gazeti la Sydney Morning Herald, ambalo ndilo Sydney Herald la zamani, liliomba radhi mwaka 2023 kwa yale liliyoandika wakati wa kesi.