Zana za Kidijitali za Ubunifu katika Ujifunzaji Darasani: Ufafanuzi Kutokana na Mazingira ya Wilaya za Kibondo na Kasulu, Mkoani Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna zana za kidijitali za ubunifu zinavyoweza kukuza ujifunzaji wa mwanafunzi darasani, kwa kurejelea mazingira ya Wilaya za Kibondo na Kasulu. Hoja kuu ni kwamba kifaa hufika shuleni kikiwa na kazi kilichopangiwa na aliyekileta, na huendelea na kazi hiyo mpaka mwalimu na mfumo wa elimu wakipangie nyingine kwa makusudi. Makala yanaeleza dhana ya zana za ubunifu, njia ambazo vifaa vimepitia kufika katika eneo hilo, utendaji wake darasani, na masharti manne yanayoamua iwapo mwanafunzi atakuwa mtunzi au mtazamaji.

1.0 Utangulizi

Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, eneo la Waha, karibu na mpaka wa Burundi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka Kongo. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 baada ya machafuko ya Burundi. Kwa sababu hiyo, eneo moja lilikuwa na mitaala mitatu: wa Tanzania katika shule za vijijini na mijini, wa Kongo na wa Burundi katika shule za kambini. Mwanafunzi wa Kitanzania hutoka nyumbani na Kiha, akakutana na Kiswahili shule ya msingi na Kiingereza sekondari. Mwenzake wa Nduta alitoka na Kirundi, akaelekea Kifaransa.

Katika mazingira hayo, swali la teknolojia darasani si la idadi ya vifaa pekee. Ni swali la nani anaruhusiwa kutunga maarifa, na kwa lugha ipi.

2.0 Dhana ya Zana za Kidijitali za Ubunifu

Zana za kidijitali za ubunifu ni programu na vifaa vinavyomwezesha mwanafunzi kutengeneza kitu ambacho hakikuwapo: hadithi yenye picha, rekodi ya sauti, filamu fupi, mchoro wa kijiometri au programu ndogo ya kompyuta. Zana hizi hutofautiana na zana za uwasilishaji, kama vile video ya somo, na zana za mazoezi, ambazo humtaka mwanafunzi achague jibu lililokwisha kuandaliwa.

Msingi wa kinadharia wa tofauti hii unapatikana kwa Seymour Papert, aliyefanya kazi na Jean Piaget mjini Geneva kabla ya kuendeleza lugha ya Logo nchini Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiongoza kompyuta, badala ya kompyuta kumwongoza mtoto. Kwa mtazamo wake, maarifa hujengeka vizuri zaidi pale mwanafunzi anapounda kitu ambacho wengine wanaweza kukiona, kukijadili na kukirekebisha.

Wazo hili si geni nchini Tanzania. Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, lilikosoa elimu inayomfanya kijana kuwa mpokeaji wa maneno ya kitabuni na kumtenga na kazi za jamii yake. Mtaala unaozingatia umahiri, ulioanza mwaka 2005, na maboresho ya mtaala yaliyoanza kutekelezwa Januari 2024, yote yanadai mwanafunzi atende. Zana za ubunifu ni njia mojawapo ya kulitimiza dai hilo la muda mrefu.

3.0 Njia Tatu za Kifaa Kufika Shuleni

Njia ya kwanza ilikuwa ya utawala. Mpango wa kuinua ubora wa elimu uliojulikana kama EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na ambao Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa yake, uliwapatia walimu wakuu vishikwambi kwa ajili ya kuingiza na kutuma taarifa za shule. Kishikwambi kikawa daftari la mahudhurio na takwimu.

Njia ya pili ilitokana na Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Baada ya sensa, Serikali iligawa vishikwambi vilivyotumika kwa walimu wa shule za umma. Hatua hii iliongeza sana idadi ya vifaa mikononi mwa walimu, lakini vilikuwa vya mwalimu: kuandaa somo, kusoma vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kutuma taarifa.

Njia ya tatu ni ya kambini. Mpango wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Vodafone Foundation, ulioanza mwaka 2013 na kufika Nyarugusu, ulibuni darasa linalobebeka: sanduku moja lenye kompyuta mpakato, vishikwambi 25, projekta, spika na kifaa cha kuunganisha intaneti. Hapa kifaa kilikusudiwa mwanafunzi tangu mwanzo.

Ulinganisho huu unaonesha jambo lisilotarajiwa: darasa la kambini linaweza kuwa karibu zaidi na kifaa cha mwanafunzi kuliko darasa la kijiji jirani, ambako kishikwambi kimo katika mkoba wa mwalimu. Hata hivyo, kifaa kuwa mkononi mwa mwanafunzi si sawa na mwanafunzi kubuni. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililofanyika katika vijiji vya Mkoa wa Tanga na kupata washindi wawili mwaka 2019, onebillion na Kitkit School, lililenga watoto wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia vishikwambi bila kumtegemea mwalimu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa mazoezi yaliyoandaliwa na wataalamu. Mazoezi hayo yana thamani kubwa katika stadi za KKK. Ila kutunga ni hatua nyingine, nayo humhitaji mwalimu.

4.0 Utendaji Darasani

Mfano wa kwanza ni utunzi wa hadithi. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014, unaruhusu mtu yeyote kutunga, kutafsiri na kurekebisha vitabu vya watoto kwa leseni huria. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi kusikiliza hadithi ya Kiha kwa babu au bibi, kuiandika kwa Kiswahili katika daftari, kuchora picha kwa penseli, kisha kupiga picha michoro hiyo kwa kishikwambi na kuipanga pamoja na maandishi. Kazi nyingi hufanyika kwenye karatasi. Kifaa huingia mwishoni. Kwa hiyo kishikwambi kimoja kinaweza kuhudumia darasa kubwa kwa zamu.

Mfano wa pili ni Scratch, lugha ya programu iliyotolewa na Maabara ya Media ya MIT mwaka 2007. Mwanafunzi hupanga vipande vya amri kama anayejenga kwa matofali. Scratch ina toleo linalofanya kazi bila intaneti, na maandishi yake yanaweza kuwekwa katika Kiswahili. Katika somo la Jiografia, kundi linaweza kuunda onesho la maji ya Mto Malagarasi yakipanda msimu wa masika na kushuka kiangazi. Ili amri zifanye kazi, wanafunzi hulazimika kukubaliana kwanza juu ya nini husababisha nini. Hapo ndipo ujifunzaji ulipo.

Mfano wa tatu ni GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001. Mwalimu mwenye kompyuta mpakato na projekta anaweza kumwita mwanafunzi avute ncha ya pembetatu huku darasa likitabiri kitakachotokea kwa jumla ya pembe zake. Kifaa ni kimoja, lakini utabiri ni wa kila mmoja.

5.0 Masharti ya Mafanikio

Sharti la kwanza ni lugha. Kiha na Kirundi ni lugha jirani zinazoelewana kwa kiasi kikubwa. Hadithi iliyorekodiwa Kasulu inaweza kusikilizwa na kueleweka na msemaji wa Kirundi, jambo ambalo vitabu vya mitaala miwili havitoi. Programu inapokuwa kwa Kiingereza pekee, mwanafunzi hutumia nguvu kutafuta kitufe badala ya kutafuta wazo.

Sharti la pili ni zamu. Vishikwambi 25 katika darasa la wanafunzi 100 ni kishikwambi kimoja kwa wanne. Bila mgawanyo wa majukumu, mmoja hushika na watatu hutazama. Mgawanyo wa mtunzi, mchoraji, msomaji na mshika kifaa, unaobadilika kila kipindi, huzuia kifaa kubaki kwa mwenye mkono mwepesi.

Sharti la tatu ni nishati na mazingira. Kigoma ilitegemea majenereta kwa miaka mingi kabla ya Gridi ya Taifa kuanza kufika mkoani, na shule nyingi za vijijini bado huhitaji nishati ya jua. Ratiba ya somo lazima ifuate ratiba ya kuchaji. Aidha, mvua inaponyesha juu ya paa la bati, kurekodi sauti hakuwezekani. Shughuli hiyo hupangwa asubuhi tulivu au nje chini ya mti.

Sharti la nne, ambalo hutajwa kwa nadra, ni umiliki wa kazi. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021, na familia za Warundi zimeendelea kurejea kwao. Kazi iliyohifadhiwa ndani ya kishikwambi cha shule hubaki na kifaa. Mtoto huondoka bila hadithi yake. Nakala iliyochapishwa, au kadi ya kumbukumbu anayokabidhiwa mzazi, ni sehemu ya ufundishaji wenyewe. Wakati huohuo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahitaji uangalifu: sura na sauti ya mtoto, hasa mkimbizi, hazipaswi kusambazwa bila ridhaa ya mzazi au mlezi.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba vifaa vilivyofika Kibondo na Kasulu vilikuja kwa makusudi tofauti: takwimu, sensa, na ufundishaji wa dharura. Hakuna kusudi kati ya hayo lililozaa ubunifu lenyewe. Ubunifu huanza mwalimu anapoipa kazi ya mwanafunzi nafasi katika ratiba, katika lugha na katika upimaji. Kwa hiyo, tathmini ya matumizi ya TEHAMA shuleni isiishie kuhesabu vifaa. Ihesabu pia kazi zilizotungwa na wanafunzi, lugha zilizotumika, na ni wangapi kati yao waliondoka na nakala ya kazi zao.