Zebaki inashika dhahabu, rezini inashika dawa

Ndugu wachimbaji wa Misisi, Kamituga na Luhwindja, na ninyi mama mnaobaki nyumbani Uvira na Baraka: kazi ya zebaki, ile tunaita mercure, tunaijua wote. Ukiitia ndani ya beseni ya mchanga mweusi, inakamata dhahabu na kuacha mawe. Ukiichoma, inaachia dhahabu. Kushika, kusafisha, kuachia.

Viwanda vya dawa vinafanya vilevile. Ebola iliyoanza Kivu ya Kaskazini mwaka 2018 iliua watu zaidi ya 2,200, na Agosti 2019 ilifika hata kwetu Mwenga. Wengi walikimbia matibabu wakisema ni biashara ya wazungu. Kumbe dawa moja, mAb114, ilitoka katika damu ya Mkongomani mwenzetu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Profesa Muyembe na wenzake walisaidia kuitafuta. Katika majaribio hapa Congo, kati ya wagonjwa 100 waliopewa dawa hiyo walikufa kama 35. Kwa dawa ya ZMapp walikufa kama 50.

Dawa hiyo ni kingamwili, protini inayokamata virusi. Chembe hai zinaitengeneza ndani ya mapipa makubwa, lakini inatoka imechanganyika na protini zingine nyingi, kama dhahabu ndani ya udongo. Kwa kawaida, mchuzi huo unapitishwa ndani ya bomba lililojaa punje ndogo sana za rezini. Juu ya punje wamebandika protini inayojulikana kama protini A, ambayo asili yake ni bakteria. Umbo lake linaingiana na kingamwili kama ufunguo na kufuli. Kingamwili inakwama, uchafu unapita. Wanaosha, kisha wanapitisha maji yenye ukali karibu na wa machungwa, na kingamwili inaachia. Mara nyingi wanaipitisha tena kwenye rezini yenye umeme: chaji za chanya na hasi zinavutana, na maji ya chumvi yanaachanisha.

Sasa sikieni hii, maana inatuhusu. Zebaki haishiki dhahabu peke yake. Protini za mwili wetu zina sehemu zenye salfa, na zebaki inapenda salfa sana. Mvuke wake ukivutwa, unaingia damuni mpaka ubongo na figo, unang'ang'ania protini zile na kuzizuia kufanya kazi. Kule kiwandani kuna maji ya kuachanisha. Mwilini zebaki inatoka polepole sana. Mtoto tumboni njo anaumia zaidi.

Kwa hiyo, asichome mtu zebaki jikoni, wala ndani ya sufuria ya bugali. Ichomwe nje, mbali na watoto na wajawazito, ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kurudisha mvuke. Na wanunuzi wa dhahabu walipie vyombo hivyo: faida ni yao pia.