Mashini ya Pumzi na Kipimo Chake

Labda mke wako amekuambia kwamba usiku unakoroma sana, kisha unanyamaza kabisa, kisha unashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Wewe hujui neno hilo, maana ulikuwa usingizini. Unajua tu kwamba asubuhi kichwa kinauma, na mchana unasinzia hata ukishika usukani wa motokari. Huo si uvivu, wala si uchawi. Nyama laini za koo zinalegea usingizini na kufunga njia ya pumzi. Mwili unashtuka, unapumua, unalala tena. Kwa wengine hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja.

Munganga akikupa mashini ya pumzi, fahamu kwamba haina dawa ndani yake. Inapuliza hewa ya chumba kile kile. Hewa inapita katika mpira na kifuniko cha pua, nayo inalizuia koo lisifunge. Lakini upepo kiasi gani?

Tazama jinsi kazi hii ilivyoanza. Mwaka 1980, katika mji wa Sydney, Australia, munganga Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa mwenye ugonjwa huu kwa ukali. Siku zile wagonjwa wa namna hiyo walitobolewa shingo ili wapumue. Sullivan akajaribu njia nyingine: akatumia mota ya mashini ya kufyonza vumbi, ipulize hewa puani. Mtu akalala. Sullivan akaongeza upepo polepole, na ulipofika kiasi fulani koo likafunguka. Akaupunguza, pumzi ikakatika tena. Akaongeza, ikarudi. Mwaka 1981 yeye na wenzake waliandika habari za wagonjwa 5. Kipimo kilichowatosha kilikuwa kati ya 4.5 na 10, si kimoja kwa wote.

Utauliza, 10 ya nini? Zamisha ncha ya mpira sentimita 10 ndani ya ndoo ya maji, upulize mpaka mapovu yatoke. Nguvu hiyo ndiyo 10. Mashini nyingi za leo zinaanzia 4 na kuishia 20.

Mama mmoja alituletea mume wake, tumbo limejaa hewa, kinywa kikavu, macho mekundu.

“Mama, mashini imefanya nini?”

“Baba, alianza kukoroma tena. Nikamwita kijana wa jirani anayetengeneza simu. Akafungua hesabu za ndani, akaongeza mpaka 16.”

Tulitazama kifuniko. Mpira wake wa pembeni ulikuwa umepasuka, na upepo ulikuwa ukitoka kuelekea machoni. Tulibadilisha kifuniko, tukarudisha 9 ya munganga, naye akalala vizuri. Kijana yule alikuwa fundi hodari, sikatai, lakini koo si simu.

Kwa hiyo koromo likirudi, kwanza osha kifuniko, kaza mikanda kidogo, sikiliza hewa inatoka wapi. Usizibe vile vitundu vidogo vya mbele. Ndivyo vinavyotoa hewa uliyokwisha kuitumia. Upepo ukikusumbua wakati wa kulala, uliza kama mashini yako inaweza kuanza pole na kupanda yenyewe. Nyingi zinaweza. Pombe jioni hulegeza koo zaidi, na hapo kipimo cha jana hakitoshi. Vivyo hivyo ukinenepa au ukikonda sana, kipimo hupimwa upya. Tena umeme ukikatika, vua kifuniko. Usilale nacho bila upepo.

Kama bado unasinzia mchana, usiendeshe motokari, njoo. Lete mashini yenyewe, mpira wake na kifuniko, maana mashini nyingi huweka hesabu ya kila usiku nasi tutaisoma. Mkeo naye aje. Yeye ndiye aliyesikia.