Jina la Mti Si Dhamana: Uteuzi wa Mbao Ngumu kwa Sakafu za Nje katika Ukanda wa Pwani ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Katika ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara, sakafu za mbao za nje zimekuwa sehemu ya kawaida ya hoteli, mikahawa ya ufukweni, magati madogo na baadhi ya nyumba za makazi. Sakafu hizo hukaa wazi kwa mvua za masika na vuli, jua kali la kaskazi, unyevu wa hewa ya bahari na chumvi inayoletwa na upepo. Mnunuzi anapotafuta mbao za kuhimili mazingira hayo, swali la kwanza aghalabu huwa ni jina la mti: mvule, mkongo, mninga au mtiki? Makala hii inafafanua kwamba swali hilo ni la lazima lakini halitoshi. Uimara wa sakafu huamuliwa pia na sehemu ya gogo ambamo ubao umepasuliwa, umri na asili ya mti, ukali wa mahali ubao utakapokaa, na namna maji yalivyopewa njia ya kutoka. Uhalali wa chanzo, kwa upande wake, huamua iwapo mbao za namna hiyo zitaendelea kupatikana.

Suala hili lina uzito wa kiuchumi na wa kimazingira. Mti wa asili wa msitu wa pwani huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Ubao wake ukioza baada ya miaka michache kwa sababu ya ujenzi mbovu, hasara huwa mara mbili: mwenye jengo hupoteza fedha zake, na msitu hudaiwa mti mwingine.

2.0 Visababishi vya uharibifu

Mbao zilizo nje hushambuliwa na makundi matatu ya visababishi. La kwanza ni kuvu waozeshao. Kuvu huhitaji chakula, hewa, joto na maji. Chakula ni ubao wenyewe. Hewa na joto havikosekani pwani mwaka mzima. Kinachoweza kudhibitiwa na binadamu ni maji peke yake. Kwa kawaida mbao ambazo unyevu wake hauzidi asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu haziozi. Hatari huwa kubwa unyevu unapokaribia asilimia 30, kiwango ambacho kuta za seli huwa zimeshiba maji.

Kundi la pili ni viumbe walao au watoboao mbao. Nchi kavu, adui mkuu ni mchwa, ambao wengi wao hupanda kutoka ardhini. Baharini, adui ni viumbe wa jenasi ya Teredo, ambao huonekana kama minyoo ingawa kiuhalisia ni jamaa wa chaza. Hawa huingia kwenye nguzo kwa tundu dogo sana, kisha huchimba ndani, hivyo nguzo huweza kuonekana nzima ilhali imekwisha kuwa tupu. Mafundi na mabaharia wa majahazi waliijua hatari hiyo tangu zamani, ndiyo maana chombo kilipandishwa pwani mara kwa mara na kupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa, sehemu ya chini ya maji.

Kundi la tatu ni jua na mabadiliko ya unyevu. Miale ya jua huvunja lignini iliyo juu ya ubao, na mvua huiosha. Kinachobaki ni uso wa kijivu. Ukijivu huo si kuoza. Mafuta yanayopakwa kila mwaka hurejesha rangi na kupunguza nyufa ndogo, lakini hayaponyi boriti inayooza chini ya sakafu. Kuchanganya mambo haya mawili husababisha fedha za matunzo kutumika palipo na sura badala ya palipo na hatari.

3.0 Kiini na mbao nyeupe

Mti unapokua, sehemu yake ya ndani huacha kupitisha maji na hugeuka kuwa kiini. Katika mabadiliko hayo mti huweka ndani ya kiini kemikali zinazowazuia kuvu na wadudu. Uimara wa asili wa mvule, mkongo au mtiki ni uimara wa kiini chake. Mbao nyeupe inayozunguka kiini haina kinga hiyo, bali huwa na wanga na sukari zinazowavutia wadudu. Kiwango cha Ulaya cha EN 350 huihesabu mbao nyeupe ya mti wowote kuwa katika daraja la chini kabisa la uimara, isipokuwa pawepo ushahidi wa kinyume.

Athari ya jambo hili inaonekana dhahiri kwa mtiki. Mti huu uliletwa Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani, na leo hupandwa katika mashamba kama ya Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na bonde la Kilombero. Kiini cha mtiki uliokomaa katika misitu ya asili ya Asia huwekwa daraja la 1. Mtiki wa kupandwa huwekwa kati ya daraja la 1 na la 3. Mti uliovunwa ungali mchanga huwa na sehemu kubwa ya mbao nyeupe, na hata kiini chake huwa hakijakusanya kemikali za kutosha. Hivyo basi, mbao mbili zinazouzwa kwa jina moja la mtiki zinaweza kutofautiana sana katika miaka ya matumizi.

4.0 Madaraja ya uimara na mipaka yake

Madaraja ya uimara yanayonukuliwa na wauzaji ni matano. Kwa desturi iliyoenea Uingereza, daraja la 1 humaanisha zaidi ya miaka 25, la 2 miaka 15 hadi 25, la 3 miaka 10 hadi 15, la 4 miaka 5 hadi 10, na la 5 chini ya miaka 5. Idadi hizo zilitokana na vigingi vya kiini vya milimita 50 kwa 50 vilivyochimbiwa katika ardhi ya Uingereza. Haziwezi kuhamishiwa pwani ya tropiki bila marekebisho.

Mwaka 1971, mtafiti wa Marekani Theodore Scheffer alipendekeza kipimo cha hatari ya kuoza kwa mbao zilizo juu ya ardhi. Kwa kila mwezi, wastani wa joto kwa nyuzi za Selsiasi hupunguzwa 2, idadi ya siku za mvua hupunguzwa 3, matokeo hayo mawili huzidishwa, na jumla ya miezi yote 12 hugawanywa kwa 16.7. Jumla iliyo chini ya 35 ni hatari ndogo. Inayozidi 65 ni hatari kubwa. Kwa kielelezo, mwezi wenye joto la nyuzi 26 na siku 10 za mvua huchangia takribani 10.1, ilhali mwezi wenye siku zile zile 10 lakini joto la nyuzi 10 huchangia takribani 3.4. Kwa mvua ileile, joto la pwani huzidisha hatari mara tatu. Kielelezo hicho si tabianchi ya mji mahususi, kwani miezi ya kiangazi hushusha jumla. Hata hivyo kinaonyesha kwa nini miaka 25 ya Uingereza haipaswi kuahidiwa Unguja au Mombasa.

5.0 Miti inayozingatiwa

Mvule (Milicia excelsa) huwekwa kati ya daraja la 1 na la 2. Hubadilika umbo kidogo unapokauka, jambo linaloufaa kwa sakafu. Kasoro zake ni vumbi linalowasha ngozi na pumzi za fundi, na vijiwe vigumu vya kalsiamu ndani ya gogo vinavyoharibu msumeno.

Mkongo (Afzelia quanzensis), unaojulikana Kenya kama mbambakofi, ni mzito zaidi na ni imara sana. Umetumika kwa muda mrefu katika milango na vyombo vya baharini.

Mninga (Pterocarpus angolensis) husifika kwa kutopinda, lakini mbao yake nyeupe huweza kuwa pana. Aidha, mninga maji ni mti mwingine wa jenasi hiyohiyo, na majina hayo mawili huweza kuchanganywa sokoni.

Mtiki (Tectona grandis) una mafuta ya asili na hutulia vizuri, kwa sharti la umri lililokwisha kuelezwa.

6.0 Kuteua kwa sehemu, kujenga kwa kukausha

Sakafu moja ya nje ina mazingira zaidi ya moja. Ubao wa juu hulowa na kukauka. Nguzo iliyochimbiwa ardhini hukaa na unyevu daima na hukutana na mchwa. Nguzo iliyo majini hukutana na Teredo. Kiwango cha EN 335 hutenganisha hali hizo kuwa daraja la matumizi la 3, la 4 na la 5. Kwa hiyo si lazima, wala si busara, mti mmoja utumike kote. Mtiki wa kupandwa wenye kiini kilichokomaa unaweza kutosha kwa mbao za juu, huku nguzo za ardhini zikibadilishwa kwa msingi wa zege unaoinua mbao kutoka kwenye udongo. Kwa nguzo za majini, zege huondoa hatari ya Teredo ambayo miti michache mno huihimili.

Ujenzi wenyewe unapaswa kuukausha ubao. Nafasi ya milimita 5 hadi 8 kati ya ubao na ubao huruhusu maji na mchanga kupita. Chini ya sakafu panahitaji kupitisha hewa. Ncha zilizokatwa, ambazo hunyonya maji kwa kasi kuliko uso wa ubao, zipakwe nta mara baada ya kukatwa. Nafasi hizo pia huupa ubao uhuru wa kutanuka: ubao wa mtiki wenye upana wa milimita 140 hutanuka kwa takribani milimita 1.4 unyevu wake unapopanda kutoka asilimia 12 hadi 18. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na matundu yatobolewe kwanza. Chuma cha kawaida hushika kutu haraka penye chumvi, huacha madoa meusi, na hufungua njia ya maji.

7.0 Uhalali wa chanzo

Mkutano wa 19 wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022, uliingiza jenasi za Afzelia na Pterocarpus za Afrika katika Kiambatisho cha II. Mkongo na mninga vimo humo. Mbao hizo zinapovuka mpaka sharti ziwe na kibali kinachotegemea uthibitisho kwamba uvunaji haudhuru uhai wa spishi. Mkutano huohuo uliorodhesha pia miti ya Amerika ya Kusini iitwayo ipe na kumaru, inayotumika sana kwa sakafu za nje duniani. Vikwazo kwa mti mmoja huweza kuhamishia mahitaji kwa mwingine; mvule, ambao haukuingizwa katika orodha hiyo, unastahili kuangaliwa kwa jicho hilo. Kwa mnunuzi wa Tanzania, leseni ya uvunaji na hati ya kusafirishia mazao ya misitu ni nyaraka za kukaguliwa kabla ya bei kujadiliwa.

8.0 Hitimisho

Uteuzi wa mbao ngumu kwa sakafu za nje ni mfululizo wa maamuzi, na jina la mti ni uamuzi mmoja miongoni mwa mengi. Mkataba wa ununuzi unapaswa kutaja jina la kisayansi, kutokuwepo kwa mbao nyeupe, umri wa mti pale mti unapokuwa wa kupandwa, kiwango cha unyevu, na nyaraka za chanzo. Mchoro wa ujenzi unapaswa kuonyesha mahali maji yatakapotokea. Mtiki wa kupandwa uliokomaa, ukijengwa vizuri, unaweza kudumu kuliko mkongo uliopigiliwa misumari ya kawaida juu ya udongo wenye maji, na kwa kufanya hivyo huuacha mkongo mwingine ukiwa umesimama msituni.