Ani DiFranco: msichana wa Buffalo na masta zake

Kabla ya kupanda jukwaani, Ani DiFranco, mwanamuziki wa Marekani, hubandika kucha za bandia kwenye vidole vya mkono wa kulia, kisha huzizungushia tepu nyeusi, ile ile ya mafundi umeme. Bila tepu kucha zingeruka na ngozi ingechanika, kwa sababu mwanamke huyu anazichapa nyuzi kwelikweli. Kidole gumba kinabeba besi, vidole vingine vinanyofoa melodi, na pale wimbo unapotaka ngoma, mkono unagonga nyuzi mpaka gitaa zima linatikisika. Nyimbo nyingi amezitunga kwa kulegeza nyuzi na kutyuni upya, hivyo besi inanguruma chini kuliko tulivyozoea kwenye gitaa kavu. Nikiwasikilizisha wanafunzi wangu wa gitaa hapa Tanga, swali la kwanza huwa: wanapiga wangapi? Anapiga mmoja.

Mikono hiyo nimeisoma kwa miaka mingi. Siku hizi, hata hivyo, ninalowasimulia vijana zaidi ni habari ya makaratasi yake.

Alizaliwa mwaka 1970 Buffalo, jimbo la New York, mji ulio kando ya Ziwa Erie ambao uliishi kwa chuma na nafaka. Alipokuwa mtoto viwanda vilikuwa vikifungwa na watu wakihama. Akiwa na miaka tisa alikutana na Michael Meldrum, mwanamuziki wa mjini hapo, aliyemfundisha gitaa na kumpeleka kwenye baa kuimba mbele ya watu wazima. Alipofika miaka 15 alikuwa tayari anaishi kwa kujitegemea. Baadaye alikwenda jijini New York, akasoma kwa mshairi Sekou Sundiata, na unaposikiliza jinsi anavyokata maneno na kuyaachia pumzi unatambua kwamba somo hilo lilimwingia.

Mwaka 1990 alitoa kanda yake ya kwanza na kuanzisha lebo yake mwenyewe, Righteous Babe Records. Alikuwa na umri wa karibu miaka 20. Lebo ilikuwa jina tu na maboksi ya kanda ndani ya gari. Alizunguka Marekani akiendesha mwenyewe, akipiga vyuoni, kwenye migahawa na baa, na mwisho wa shoo akauza kanda kwa mkono. Aliyenunua alikwenda nayo bwenini, wenzake wakainakili, na mwaka uliofuata akirudi ukumbi unajaa. Redio hazikupiga nyimbo zake. Magazeti makubwa yalikuja wakati watu walikuwa wameshakuja.

Lebo kubwa nazo zikaja na mikataba. Akakataa. Hapa ndipo wanafunzi wangu hunikazia macho, kwa hiyo nieleze kwa utaratibu.

Lebo ikimsaini mwanamuziki humpa malipo ya awali. Vijana huyahesabu kuwa mshahara, kumbe ni deni. Gharama za studio, na mara nyingi sehemu ya gharama za video, hukatwa katika mrabaha wake kabla hajaona senti nyingine. Deni likishaisha, rekodi mama, ile tunayoiita masta, hubaki mali ya lebo. Ni sawa na kulipia nyumba hadi shilingi ya mwisho, kisha hati ikabaki kwa aliyekukopesha. DiFranco aliona afadhali alipie studio mwenyewe, achapishe mwenyewe, asubiri mwenyewe, na masta ziwe zake. Kwa njia hiyo faida ya kila nakala ilikuwa kubwa kuliko ya wasanii waliomzidi umaarufu mara nyingi.

Kuna haki nyingine inayosahaulika, nayo ni haki ya mtunzi. Wimbo wake "32 Flavors," wa mwaka 1995, uliimbwa upya na Alana Davis mwaka 1997, na ni toleo hilo lililoingia kwenye redio. Sauti ilikuwa ya mwingine na rekodi ya lebo nyingine, lakini mtunzi ni yule yule, na mtunzi hulipwa.

Hakupenda kusifiwa kwa hesabu, hata hivyo. Jarida la Ms. lilipomtaja mwaka 1997 kati ya wanawake wa kutazamwa na kuegemea kwenye kiasi anachopata kwa kila albamu, aliliandikia barua ya wazi kulalamika. Alitaka kukumbukwa kwa nyimbo. Namwelewa, ingawa naona hesabu ile ndiyo iliyompa nafasi ya kutoa albamu karibu kila mwaka katika miaka ya 1990, akisema lolote alilotaka kuhusu siasa, mapenzi na mwili wa mwanamke bila kuomba ruhusa. Prince, aliyewahi kuandika neno "mtumwa" shavuni alipogombana na lebo yake, alilitambua hilo. Mwaka 1999 DiFranco alipiga gitaa kwenye albamu ya Prince, naye Prince akaimba kwenye ya DiFranco.

Fedha aliirudisha Buffalo. Kazi za uchapaji na fulana alizipeleka kwa watu wa mji ule ule uliokuwa ukipoteza ajira. Tuzo yake ya Grammy, ya mwaka 2004, ni ya usanifu wa jalada la albamu "Evolve," na aliipata pamoja na Brian Grunert, msanifu wa Buffalo. Halafu kuna kanisa moja la mawe mjini humo, la karne ya 19, lililokuwa karibu kubomolewa: yeye na meneja wake, Scot Fisher, walilinunua, wakalikarabati, na leo lina ukumbi wa muziki, ofisi ya lebo na kituo cha sanaa.

Njia hii ina gharama. Mwaka 2005 kano za mikono zilimuuma hadi akasimamisha ziara. Mwishoni mwa 2013 alitangaza kambi ya watunzi katika jumba la Nottoway, Louisiana, lililokuwa shamba la watumwa. Wanawake weusi walimkemea, na walikuwa na haki. Akaifuta kambi, lakini taarifa yake ya kwanza ilizidisha hasira, ikabidi aandike tena na kuomba radhi. Hakuwa na bosi wa kumtupia lawama.

Lebo yake imebeba na wengine. Mwaka 2010 ilitoa albamu "Hadestown" ya Anaïs Mitchell, na DiFranco aliimba humo nafasi ya mhusika Persephone. Kazi hiyo ikakua kuwa tamthilia ya muziki, ikafika Broadway na kushinda tuzo 8 za Tony mwaka 2019. Mwaka 2024 yeye mwenyewe alipanda jukwaa la Broadway kuicheza nafasi ile.

Kijana uliyeletewa mkataba, tafuta kwanza kifungu kinachosema masta ni ya nani, na usisaini kabla hujakielewa. Na kama hujawahi kumsikia DiFranco, anza na "Living in Clip" ya mwaka 1997, CD mbili zilizorekodiwa jukwaani. Ilipata hadhi ya dhahabu Marekani, na lebo iliyoitoa ni yake.