Zimwi Mla Chumvi

Jioni ya tarehe 8 Septemba, 1966, shirika la televisheni la NBC nchini Marekani lilionyesha kwa mara ya kwanza mchezo mpya wa mfululizo ulioitwa Star Trek. Mwanzilishi wa mchezo huo alikuwa Gene Roddenberry. Sehemu ya kwanza, iliyoandikwa na George Clayton Johnson, ilipewa jina la "The Man Trap", yaani "Mtego wa Watu". Haikuwa ya kwanza kutengenezwa, bali ndiyo iliyoteuliwa kutangulia. Kiini chake si silaha wala mashine za ajabu, bali ni kitu kilichomo katika kila jiko: chumvi.

Chombo cha anga Enterprise kinafika katika sayari M-113, ambako Profesa Crater, mtaalamu wa mambo ya kale, anaishi na mkewe Nancy. Daktari McCoy, aliyempenda Nancy hapo zamani, anamwona angali kijana. Nahodha Kirk anamwona mama wa makamo, na mwenzao wa tatu anamwona mwanamke mwingine kabisa. Muda si muda huyo wa tatu anakutwa amekufa, usoni mna alama nyekundu za mviringo. Daktari anapoipima maiti anagundua kwamba chumvi yote imetoweka mwilini. Kumbe Nancy halisi alikwisha kufa, na aliyevaa sura yake ni kiumbe wa mwisho wa kabila lake, anayeishi kwa kula chumvi.

Wasemaji wa Kiswahili wanayo sababu ya pekee ya kuikumbuka sehemu hiyo. Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, ana jina lililotokana na neno "uhuru". Kiumbe yule anamwendea katika sura ya kijana mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili, kwa maana huchota sura na maneno katika fikra za yule anayemwinda. Hivyo Kiswahili kilisikika ndani ya Enterprise tangu usiku wa kwanza.

Zimwi hilo ni la kubuni, lakini njaa yake ni ya kweli. Chumvi ya jikoni imeundwa kwa sodiamu na klorini, na mwili wa mtu mzima una takriban gramu 100 za sodiamu. Mwaka 1952, Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliochunguza neva nene ya ngisi, walieleza kwamba ujumbe husafiri katika neva kwa sababu sodiamu huingia ndani kwa ghafla na potasiamu hutoka nje. Mwaka 1957, Jens Christian Skou wa Denmark alieleza kimeng'enya ambacho huirudisha sodiamu nje na potasiamu ndani, ili neva iwe tayari tena. Wawili wa kwanza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, na Skou mwaka 1997. Pasipo sodiamu, moyo haupigi, msuli haukazi, wala ubongo haufikiri.

Hata hivyo, hadithi imeikiuka sayansi mahali pamoja. Chumvi ya mwilini haikuwekwa mahali pamoja kama akiba ghalani. Imeyeyuka katika damu na majimaji yanayozizunguka seli, na sodiamu nyingine imo mifupani. Vidole vya zimwi visingeweza kuifyonza yote kwa dakika chache kupitia ngozi ya uso. Lakini kwamba upungufu wa chumvi huua, hilo ni kweli. Sodiamu inapopungua mno katika damu, maji huingia ndani ya seli na kuzivimbisha. Ubongo, uliofungwa ndani ya fuvu, hauna nafasi ya kuvimba, na mgonjwa huweza kupatwa na degedege na kuzimia.

Viumbe wa kweli nao huifuata chumvi kwa gharama kubwa. Majani mengi yana sodiamu kidogo sana, na kwa hiyo wanyama wala majani hulazimika kuitafuta kwingine. Katika pango la Kitum, kwenye Mlima Elgon nchini Kenya, tembo huingia gizani, hupapasa njia kwa mikonga yao, na kuchimbua kwa pembe mawe yenye madini ya sodiamu ili wayatafune.

Kwa binadamu, mwizi mkubwa wa chumvi hatoki katika sayari nyingine. Ni ugonjwa wa kuharisha, hasa kipindupindu, ambao hunyang'anya mwili maji na chumvi kwa pamoja. Kumpa mgonjwa maji matupu hakutoshi. Utafiti wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba utumbo hupokea sodiamu kwa urahisi zaidi inapoandamana na glukosi, na maji huzifuata. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani. Akawapa wagonjwa maji ya kunywa yaliyochanganywa na chumvi na glukosi, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Leo pakiti moja ya dawa hiyo, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2002, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi, pamoja na chumvi nyingine mbili, kwa lita moja ya maji safi. Kipimo ni lazima kifuatwe, kwani chumvi ikizidi nayo hudhuru. Shirika hilo hilo humshauri mtu mzima mwenye afya asile hata gramu 5 za chumvi kwa siku.

Mwishoni mwa mchezo, McCoy analiua zimwi ili kumwokoa nahodha wake, na Kirk anabaki akiwafikiria nyati wa Marekani waliokaribia kwisha kwa bunduki. Kilichopotea pale ni kabila zima la viumbe. Kilichokosekana kilikuwa chumvi, kitu ambacho duniani hununuliwa kwa senti chache, na ambacho, kikipimwa vema na kutiwa katika maji safi, humrudisha mtoto kutoka ukingoni mwa kaburi.